Daftari la Watu

Chukua, msomaji, kazi yoyote uijuayo ambayo mtu huifanya kwa ujira: kupika, kulinda, kukata mkonge, kufundisha, kuendesha gari. Nyuma ya kazi hiyo pana daftari. Humo mmeandikwa jina la mtu, siku aliyoajiriwa, mshahara wake, siku alizougua, likizo aliyopewa na akiba yake ya uzeeni. Daftari likiwa sahihi hakuna alikumbukaye. Likikosea, mtu hurudi nyumbani mwisho wa mwezi mikono mitupu, na huenda asijue amkabili nani. Nataka kukueleza jinsi daftari la namna hiyo linavyotengenezwa katika zama hizi za kompyuta, na kwa nini si jambo dogo kujua ni nani waliokuwapo lilipokuwa likitengenezwa.

Kenya ilipata kuwa na daftari la watu ambalo halijasahaulika. Mpaka leo wazee, na hata vijana, hukiita kitambulisho cha taifa kipande, ingawa kipande chenyewe kilikoma zamani. Sheria yake ilitungwa mwaka 1915, na ilipofika 1920 ilikuwa imeanza kutumika nchini. Kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza umri wa miaka kumi na sita alipaswa kuchukua karatasi yenye alama za vidole vyake, na katika karatasi hiyo mwajiri aliandika siku ya kuanza kazi, ujira, na siku ya kuachishwa. Karatasi ilitiwa katika kikopo cha bati, na wengi walikivaa shingoni kwa kamba. Mwajiri asipotia sahihi ya kumwachilia, mtu huyo hakuweza kuajiriwa kwingine, na kuiacha kazi bila sahihi lilikuwa kosa mbele ya sheria. Harry Thuku na wenzake walipiga kelele juu ya jambo hilo mwaka 1921 na 1922, lakini desturi iliendelea mpaka sheria ilipobadilishwa mwaka 1947. Mababu zetu walioteremka kutoka milima ya Taita kwenda kutafuta kazi katika mashamba ya mkonge na katika reli hawakukikwepa kikopo hicho.

Ukikitazama kwa jicho la karani, kipande kilikuwa kazi nadhifu. Kilitunza habari zile zile ambazo ofisi ya waajiriwa huzitunza leo: jina, ujira, mwanzo na mwisho wa kazi. Aliyekibuni alipata alichokitaka. Aliyekivaa hakuulizwa, wala hakuonyeshwa, wala hakuwa na njia ya kusema, “Hapa pameandikwa uongo.” Shika jambo hilo, kwa maana tutalihitaji mbele.

Mimi ni mwalimu. Nilijifunzia kazi yangu katika chuo cha ualimu, na kompyuta nilizikuta njiani kama watu wengi wa rika langu. Shule ninayofundisha iko Mraru, upande wa Voi. Walimu wengi tumeajiriwa na Tume ya Utumishi wa Walimu, ambayo hutulipa yenyewe. Lakini wapishi, walinzi, karani, msaidizi wa maabara na watunza bustani huajiriwa na kulipwa na bodi ya shule. Watu hao hawafiki ishirini. Ungedhani kuwatunzia daftari ni shughuli ya robo saa, na bodi nayo ilidhani hivyo.

Mwaka 2022 bodi iliagiza programu ya kompyuta kutoka kwa kampuni moja. Programu za aina hiyo huitwa programu za rasilimali watu. Jina hilo silipendi sana, kwa sababu rasilimali ni mali na mtu si mali, lakini ndilo lililozoeleka. Watu wa kampuni walikuja siku moja, wakazungumza na mwalimu mkuu na mwenyekiti, wakaandika mahitaji katika waraka mrefu, wakaenda zao. Miezi mingi ikapita. Januari 2023 walirudi na kazi iliyokamilika: programu nzima, pamoja na kitabu cha maelezo kinene kama msahafu. Karani alifundishwa kwa muda wa siku mbili. Februari ilipoingia, programu ikawa ya zamani.

Nieleze kwa mfano wa hesabu, na wewe ufuate kwa kalamu ukipenda. Mpishi analipwa shilingi 15,000 kwa mwezi. Januari 2023 alikatwa shilingi 200 za akiba ya uzeeni kwa Hazina ya Taifa ya Hifadhi ya Jamii, na shilingi 600 za bima ya hospitali, jumla 800. Februari mwaka huo, baada ya hukumu ya Mahakama ya Rufaa, viwango vipya vya akiba vikaanza, asilimia 6 ya mshahara kwa mtu wa kiwango chake: shilingi 900. Makato yakawa 1,500. Julai 2023 ukaongezwa ushuru wa nyumba wa asilimia 1.5, ambao ni shilingi 225, yakawa 1,725. Novemba 2023 Mahakama Kuu ikasema ushuru huo unakiuka Katiba, ila ikaacha uendelee kwa muda. Mwisho wa Januari 2024 Mahakama ya Rufaa ikakataa kuurefusha muda huo. Makato yakashuka tena kuwa 1,500. Machi 2024 Bunge likawa limepitisha sheria mpya, ushuru ukarudi. Oktoba 2024 bima ya zamani ya hospitali ikaondolewa na Bima ya Afya ya Jamii ikachukua nafasi yake, asilimia 2.75 ya mshahara: kwa mpishi wetu ni shilingi 412 na senti 50 badala ya 600. Desemba mwaka huo sheria ikageuka tena kwa wale wanaolipa kodi ya mapato, na Februari 2025 mipaka ya akiba ya uzeeni ikapandishwa kwa wenye mishahara mikubwa.

Mshahara ni ule ule, mpishi ni yule yule, sufuria ni zile zile. Lakini katika muda usiozidi miaka miwili, kiasi alichopaswa kupeleka nyumbani kilibadilika mara tano. Programu iliyonunuliwa ilikuwa na ile shilingi 200 ndani yake kama jiwe katika msingi wa nyumba. Kampuni ilisema yaweza kubadilishwa kwa malipo mengine, baada ya waraka mwingine. Karani akairudia kalamu yake na daftari la mistari, na kompyuta ikafunikwa kitambaa.

Sasa nikuletee njia ya pili. Waliyoianzisha walilipa jina la Kiingereza lenye maana ya wepesi wa viungo, kama wepesi wa paa anayegeuka katikati ya mbio. Nitaiita njia ya wepesi. Februari 2001 watu 17 wa kazi ya programu walikutana Snowbird, katika milima ya Utah huko Marekani, wakatia sahihi tamko fupi. Kwa maneno yangu, walisema kwamba watu na mazungumzo yao wana thamani kuliko zana. Kwamba kitu kinachofanya kazi kina thamani kuliko maandishi marefu ya kukieleza. Kwamba kushirikiana na mwenye haja ni bora kuliko kushindana naye juu ya mkataba. Na kwamba kuyapokea mabadiliko ni bora kuliko kuung'ang'ania mpango. Walikuwa waangalifu kuongeza kwamba zana, maandishi, mikataba na mipango navyo vina thamani yake. Nyongeza hiyo wengi huisahau.

Kuna jambo katika asili ya njia hii ambalo lilinifurahisha nilipolijua. Mojawapo ya mahali ilipochipukia palikuwa daftari la mishahara. Kampuni ya magari ya Chrysler ilitaka programu moja ya kuwalipa wafanyakazi wake wapatao 87,000, na kazi ilikuwa imekwama. Mwaka 1996 akaitwa Kent Beck, naye pamoja na Ron Jeffries na wenzao wakaianza upya kwa desturi ambazo wakati ule zilionekana za ajabu. Mafundi wawili walikaa mbele ya kompyuta moja. Mtu anayeijua kazi ya mishahara alikaa pamoja nao katika chumba kimoja, aulizwe wakati wowote. Kipimo cha kuhakikisha jibu kiliandikwa kabla ya kuandikwa programu yenyewe. Mwaka 1997 programu ilianza kuwalipa watu kama 10,000, wale wa mshahara wa mwezi, ikiwa nia ni kuendelea kundi baada ya kundi. Haikufika mwisho, mwaka 2000 kazi hiyo ilisimamishwa. Beck na Jeffries ni miongoni mwa wale 17 waliotia sahihi mwaka uliofuata. Kwa hiyo usinisikie nikisema kwamba njia hii haishindwi. Ilishindwa mahali pale pale ilipozaliwa, ila watu 10,000 walikuwa wamelipwa kwa programu ile, ilhali programu kubwa nyingi hufa kabla ya kumlipa hata mtu mmoja.

Katika Afrika Mashariki madaftari makubwa ya watumishi yamewahi kuanza kwa kundi moja vilevile. Mwaka 2002 Kenya ilianza kuzitia katika kompyuta kumbukumbu za wauguzi, zilizokuwa zimejaa katika majalada ya karatasi; Baraza la Wauguzi na Wizara ya Afya walishirikiana na Chuo Kikuu cha Emory cha Marekani. Walianza na wauguzi, na baadaye watumishi wengine wa afya wakafuata. Nchini Uganda, Baraza la Wauguzi na Wakunga lilikuwa miongoni mwa wa kwanza kuitumia programu huria iitwayo iHRIS, ambayo baadaye ilienea katika nchi nyingi. Sisemi kwamba mafundi hao waliapa kwa tamko la Utah. Nasema hawakungoja mpaka kila mtumishi wa nchi nzima aweze kuandikwa kwa siku moja.

Turudi Mraru. Kompyuta ilipokuwa bado imefunikwa kitambaa, binti mmoja niliyemfundisha zamani alirudi nyumbani baada ya kumaliza masomo ya kompyuta. Alikuwa akitafuta kazi kwa simu na kwa barua, kama vijana wengi. Alipoisikia habari ya karani wetu aliniambia, “Mwalimu, niombee wiki mbili kwa bodi. Sitawapa programu nzima. Nitawapa kipande kidogo kinachofanya kazi, na wasipokitaka wamepoteza wiki mbili tu.” Neno kipande lilimtoka bila kufikiri, mimi lilinigutusha.

Jambo la kwanza alilofanya hakugusa kompyuta. Alikwenda jikoni, akaketi na wapishi wakichambua maharagwe, akawapa kila mmoja kadi. Aliwaomba waseme mambo matatu: mimi ni nani, nataka nini, na nakitakia nini. Mpishi mkuu, ambaye ni mama mtu mzima, alisema naye binti akaandika: “Mimi mpishi nataka kuona siku zangu za likizo zilizobaki, ili nijue kama naweza kwenda shambani mavuno yakifika.” Tazama ufupi wake, msomaji. Hakuna neno la kompyuta ndani yake, na fundi anajua la kufanya. Lile sharti la tatu, la kusema sababu, ndilo lenye kazi kubwa, kwa kuwa mtu akikwambia sababu unaweza kumpatia kitu bora kuliko alichokiomba.

Kadi zikawa kama arobaini. Binti alizibandika ukutani katika ofisi ya karani, katika safu tatu: la kufanya, linafanywa, limekwisha. Akaweka sharti kwamba katika safu ya kati zisizidi kadi mbili kwa wakati mmoja. Nilimwuliza sababu akanijibu kwamba kazi kumi zilizoanzwa na zisizokwisha hazimfai mtu yeyote. Kila asubuhi, kabla ya kengele, alisimama mbele ya ukuta na karani kwa dakika kumi: jana tulifanya nini, leo tunafanya nini, ni nini kimetuzuia. Husimama makusudi, asema, kwa kuwa wakiketi mazungumzo hurefuka.

Kila baada ya wiki mbili, Ijumaa saa tisa alasiri, wafanyakazi waliitwa kutazama. Ijumaa ya kwanza palikuwa na kitu kidogo mno: orodha ya majina na siku walizofanya kazi mwezi huo. Mjumbe mmoja wa bodi alicheka, akasema orodha kama hiyo hata mwanafunzi angeiandika ubaoni. Lakini mlinzi wa usiku, mzee aliyekaribia kustaafu, alisogea karibu na kioo akakitazama kwa muda mrefu.

“Mjukuu wangu,” alisema, “mimi hapa nimeandikwa siku nyingi kuliko wote. Je, nalipwa hizo?”

Zamu yake huanza saa kumi na mbili jioni na kwisha saa kumi na mbili asubuhi. Kompyuta hubadilisha tarehe saa sita ya usiku. Kwa hiyo kila usiku wake mmoja ulikuwa umehesabiwa kuwa siku mbili. Ingalikuwa programu nyingine ingeweza kumhesabia nusu, na hilo lingekuwa baya zaidi kwake. Katika waraka mrefu wa ile kampuni ya kwanza hapakuwa na mstari hata mmoja juu ya usiku, kwa sababu walizungumza na mwenyekiti na mwalimu mkuu, na hao wote hulala usiku. Binti alifuta safu ya tarehe akaweka zamu badala yake. Ilimchukua siku moja. Kama jambo hilo lingegunduliwa baada ya mishahara, likizo, akiba na bima vyote kujengwa juu ya tarehe, ingalibidi nyumba nzima ibomolewe.

Ijumaa iliyofuata walinzi walileta jambo la tembo. Watu wa kwetu wanajua kwamba mahindi yakianza kukomaa, ndovu wa Tsavo huwa na habari. Mtu mwenye shamba huhitaji kulala shambani usiku mbili tatu, naye hawezi kungoja likizo ya mwaka. Walinzi walikuwa na desturi yao ya kubadilishana zamu kwa maneno, na mwisho wa mwezi karani alichanganyikiwa. Sasa kubadilishana zamu kuna ukurasa wake: anayetoka, anayeingia, na wote wawili wanakubali kwa simu zao. Nadhani hakuna programu ya kununuliwa duniani iliyowafikiria ndovu.

Kuhusu fedha, binti alikuwa mkali kuliko nilivyotazamia. Mishahara hakuitoa nusu nusu. Kwanza alichukua daftari la mkono la karani la miezi mitatu iliyopita, akaiandikia kompyuta vipimo: mtu huyu, mwezi huu, jibu lazima liwe hili, mpaka senti. Kila alipobadilisha jambo lolote vipimo vyote vilipigwa upya, na kimoja kikikosa kazi ilisimama. Viwango vya makato hakuvitia ndani ya programu. Aliviweka katika jedwali ambalo karani mwenyewe hulijaza, kila kiwango na tarehe yake ya kuanza na ya kwisha. Kisha kwa miezi miwili karani alilipa kwa daftari la mkono huku kompyuta ikihesabu kando yake, wakilinganisha. Oktoba 2024 ilipoleta bima mpya, karani aliandika mstari mmoja katika jedwali, akanywa chai yake.

Wapo watu, na baadhi yao ni walimu wenzangu wenye hekima, wanaosema kwamba kazi ya vipande vipande ni kazi ya mtu asiye na mpango. Nawaheshimu, na kwa kazi nyingine nakubaliana nao. Daraja la reli juu ya bonde haliwezi kuanza kwa nusu ya upana ili abiria watoe maoni. Njia ya wepesi inafaa pale ambapo kubadilisha ni rahisi kuliko kubashiri, na programu ni kitu cha namna hiyo: ni udongo ambao haujachomwa. Kadhalika kuna maofisi ambayo yamelichukua jina la njia hii na kuliacha tunda lake. Huwasukuma mafundi kwa muhula wa wiki mbili mbili bila pumzi, na hawaandiki maelezo yoyote, wakisema ndio wepesi. Huo ni uvivu mahali pamoja na unyapara mahali pengine.

Ama mpango, mtu aweza kujua aendako bila kuijua kila kona ya njia. Mraru yenyewe ina mfano ambao umesomwa mbali. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 wanawake wa hapa walikuwa na taabu ya kufika Voi sokoni na kwa shughuli nyingine, kwa kuwa gari lilipofika kijijini lilikuwa limekwisha kujaa. Wakaunda kikundi, wakachanga kidogo kidogo, na mwaka 1975 wakanunua basi lao wenyewe. Mapato ya basi yakazaa mambo mengine, likiwamo duka. Kijitabu cha habari zao kilichapishwa New York mwaka 1980. Usiwageuze wanawake hao kuwa mafundi wa programu. Lakini ukiwauliza siku ile walipotoa mchango wa kwanza kama wangekuwa na duka, sidhani kama lingekuwa katika mpango. Walichokijua ni Voi. Na walipokwisha kuwa na gari wakawa waajiri, maana basi halijiendeshi, na anayeliendesha lazima aandikwe mahali na alipwe.

Nimefika kwenye jambo ambalo kwangu ni zito kuliko makato na tarehe. Mwezi wa tano wa kazi ile, mjumbe mmoja wa bodi aliomba safu mpya katika daftari: tabia. Msimamizi angeandika humo maneno machache juu ya kila mfanyakazi, na bodi ingeyasoma mkataba unapokwisha. Kwa fundi ni kazi ya saa moja. Binti hakubishana, aliandika kadi kama zote, akaibandika ukutani, na Ijumaa ikafika.

Mpishi mkuu aliisoma kadi kwa sauti. “Nani atajaza?” aliuliza. Akajibiwa. “Nami nitasoma nilichoandikiwa?” Mjumbe akasema hayo ni ya bodi. Chumba kikanyamaza. Kisha mama yule akasema kwa utulivu, “Basi mwanangu, andika kadi yangu nayo. Mimi mpishi nataka kuyasoma yaliyoandikwa juu yangu, ili nijue la kujibu.” Walinzi wakasema nao wanaitaka hiyo hiyo.

Nilieleza pale kwamba Kenya imekuwa na Sheria ya Ulinzi wa Data tangu mwaka 2019, na kwamba chini yake mtu ana haki ya kujua habari zake zilizotunzwa na kuomba zisahihishwe zikiwa si za kweli. Mjumbe hakufurahi, wala sikutazamia afurahi. Mjadala ulichukua Ijumaa mbili. Mwishowe safu ya tabia iliondolewa, na mahali pake pakawekwa barua: msimamizi akiwa na lalamiko huliandika kwa tarehe, mfanyakazi hulisoma katika simu yake au kwa karani, naye hupewa nafasi ya jibu chini yake. Barua isiyosomwa na mhusika haihesabiwi.

Sasa linganisha. Programu ile ile, kompyuta ile ile, safu moja zaidi, nasi tungekuwa tumemvisha mama yule kikopo cha bati kisichoonekana. Haikuzuiwa na sheria iliyo Nairobi, ingawa ilisaidia. Ilizuiwa kwa sababu alikuwa chumbani siku ilipotajwa. Wataalamu wengi wa njia ya wepesi huzungumza juu ya kumsikiliza mteja, na kwao mteja ni yule anayelipia kazi. Kwa daftari la watu maana hiyo haitoshi. Aliyelipia alikuwa bodi. Mwenye haja alikuwa jikoni.

Kadi zilizobaki ukutani leo ni saba. Sita ni ndogo. Ya saba imekaa katika safu ya kati kwa muda mrefu kuliko zote, nayo ni ya yule mzee mlinzi. Kompyuta ilipolinganisha namba za vitambulisho iligundua kwamba jina lake limeandikwa kwa herufi i katika kitambulisho, na kwa y katika kadi ya akiba ya uzeeni aliyopewa na mwajiri wa zamani, kabla ya kuja kwetu. Michango ya miaka kadhaa iko chini ya y. Programu imefanya yote iwezayo: imeonyesha tofauti na kupiga chapa orodha ya miezi inayohusika. Yaliyobaki ni hati ya kiapo, nakala za barua za kale na safari za Voi. Karani alitaka kadi ihamishwe katika safu ya tatu, kwa kuwa upande wa kompyuta umekwisha. Binti alikataa. Alisema kadi inasema, “ili nipate akiba yangu yote nikistaafu,” na mzee hajaipata. Mzee atastaafu Desemba. Jumanne ijayo nina kipindi kimoja tu asubuhi, nami nimeahidi kumsindikiza.